Atakayebaki Kunilea

Juzi nilirudi kutoka kazini nikakuta viatu vya mume wangu mlangoni, vimekaa sambamba, ncha zikitazama ndani, kana kwamba mtu alikuwa amesimama ndani yake akanyofolewa juu. Nyumba ilikuwa kimya. Nilijua vizuri kwamba yuko nyuma anapalilia sukuma wiki zake, maana ndiko anakokuwa kila jioni. Hata hivyo nilibaki nimesimama na mfuko wa mboga mkononi, nikamwita, nikamwita tena, na sauti iliyonitoka haikuwa ya mwanamke wa umri wangu. Alipotokea miguu mitupu, tope hadi vifundoni, akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu. Utamweleza nini mtu ambaye hakukuzwa akiusubiri unyakuo, siku Yesu atakapowachukua juu ghafla waliookoka?

Nyinyi wenzangu mliokuzwa na walokole mnanielewa bila maelezo. Mnajua ilivyo kuamka mchana, kuita "Mama!" na kutojibiwa, na papo hapo kuanza kukumbuka kila uongo uliosema tangu Jumapili. Mimi hofu hiyo niliipata ugenini, na huko ilikuwa na makali zaidi, kwa sababu Mama alikuwa ndiye mtu wangu peke yake. Baba alikuwa Kitale akingoja viza. Alikuwa sauti ya Jumamosi asubuhi, sauti inayotoka mbali na kukatika kadi ya simu ilipokaribia kwisha, kila mara katikati ya neno.

Tuliishi Falls Church, Virginia, katika jengo la matofali mekundu karibu na Ruti 7, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na sebule. Nilipojua kusoma Kiingereza niligundua kwamba jina la mji wetu laweza kusomwa "kanisa laanguka," na jambo hilo halikunituliza hata kidogo. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee. Aliwaogesha, akawalisha, akawageuza kitandani, na wakati mwingine mwenzake asipofika alipigiwa simu afanye dabo, yaani aunganishe zamu mbili. Alirudi akinuka sabuni ya hospitali, akavua viatu vyake vyeupe mlangoni na kukaa kitako sakafuni kwa dakika chache kabla hajaweza kusema na mimi.

Jumapili alasiri tulipanda basi kwenda Arlington, ambako Wakenya walikuwa wamekodi ukumbi wa chini katika kanisa la Wazungu. Wenyewe Wazungu waliabudu asubuhi, Wakorea wakaingia adhuhuri, nasi tukaja baada yao, viti vikiwa bado na joto la watu wengine. Mchungaji wetu alikuwa mtu mwema, nataka hilo lieleweke. Siku tulipohamia, yeye ndiye aliyetuletea godoro letu la kwanza, amelifunga juu ya gari lake kwa kamba ya kuanikia nguo, huku akiendesha kwa mkono mmoja na mwingine ameutoa dirishani kulishikilia. Lakini miaka ya tisini ilikuwa inaishia, watu wazima walikuwa wakisema kwamba kompyuta zote zitazima na ndege zitaanguka, na Mchungaji akaona ni wakati wa kutuandaa.

"Mama atakuwa jikoni anakaanga vitunguu," alisema Jumapili moja, akitembea polepole mbele yetu. "Nukta inayofuata, vitunguu vinaungua na mama hayupo. Nguo zake ziko chini. Viatu vyake viko pale pale alipokuwa amesimama. Na mtoto wake anatoka chumbani, anaita, mama, mama. Nani atamjibu?"

Watu wazima wakasema amina. Mimi niliinama nikatazama viatu vya Mama, nikaviona kwa mara ya kwanza kama vitu vinavyoweza kubaki bila yeye.

Tangu siku hiyo sikutulia. Shuleni nilidai naumwa tumbo ili wanipeleke ofisini nipige simu nyumbani. Nyumbani Mama alipoingia bafuni nilikaa nje ya mlango nikimuuliza maswali ya ovyo, mradi ajibu. Alipolala mchana baada ya dabo nilimwekea kiganja mbele ya pua. Kwenye basi sikuweza kukaa. Nilisimama nikashika nguzo, kwa sababu niliona mtu aliyesimama yuko tayari zaidi. Mama alidhani ni minyoo, akaninunulia dawa.

Kisha, kama watoto wafanyavyo, nikaacha kuomba hofu iondoke nikaanza kuipangia. Ikiwa Mama atanyakuliwa nami nikaachwa, na niliona dalili zote kwamba nitaachwa, basi lazima awepo mtu wa kunilea. Mtu huyo lazima awe ni wa kuachwa. Na kwa bahati nzuri, jengo letu lilikuwa limejaa watu ambao, kwa hesabu za kanisa letu, hawakuwa wakienda popote.

Nikaanza kuwachunguza mlango kwa mlango. Ghorofa ya pili alikaa bibi wa Kivietinamu aliyekuwa na kibanda kidogo chekundu sakafuni karibu na mlango, kina machungwa na vijiti vinavyofuka moshi mtamu. Nilidhani machungwa yale ni ya paka, sikujua ni sadaka. Kando yake waliishi watu wa El Salvador waliomzungushia Bikira Maria taa za kuwakawaka, na niliwaondoa kwenye mpango wangu kwa sababu hawakuweza kuamuliwa: wana Yesu, lakini wana sanamu pia. Kulikuwa na Singasinga mmoja mpole mwenye kilemba aliyeendesha teksi. Kwa kuwa Mama alikuwa mtu wa kufunga vidonda, niliamini kwa muda mrefu kwamba kilemba kile kilikuwa bandeji, na kwamba maskini ana jeraha la kichwa lisilopona. Wahabeshi wa ghorofa ya kwanza nao walirudi kutoka kanisani Jumapili alfajiri wamejifunika shuka nyeupe pepepe. Hao niliwaogopa. Walifanana mno na watu wa kunyakuliwa.

Mwisho nikamchagua Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikaa ghorofa yetu, mwisho wa korido, na mwanawe Fuad aliyekuwa naye dereva wa teksi. Alikuwa mtu wa Mombasa, mama mtu mzima, mnene, aliyevaa buibui na juu yake koti la mwanawe linalomfika magotini. Tulimjua kwenye chumba cha mashine za kufulia. Tuliingia tukamkuta anaigongagonga mashine kwa kiganja akiiambia, "We, nipe nguo zangu. Sikukufanyia ubaya." Mama alisimama na kapu letu kichwani. Ilikuwa miezi hajasikia Kiswahili kutoka kwa mtu asiye wa kanisani. Walishikana mikono wakazungumza hadi nguo zetu zikazungushwa mara mbili kwa kusahaulika.

Lakini tulipofika ndani Mama akasema, "Salamu ni salamu, Nekesa. Mtu wa nyumbani ni mtu wa nyumbani. Lakini usikule kwake. Umenisikia? Hatujui kimeombewa nini."

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba nimesikia. Ndivyo tulivyokuwa: yeye Kiswahili, mimi Kiingereza, kila mmoja akimwelewa mwenziwe na hakuna aliyevuka. Bi Zuhura ndiye aliyekataa mpango huo. Mara ya kwanza nilipomjibu kwa Kiingereza aliniambia, "Hicho kipeleke skuli. Hapa wanijibu kwa maneno niliyokuulizia." Nikajikokota. Hiki Kiswahili ninachoandikia leo, nusu ni cha Mama na nusu ni cha mwanamke yule, na hadi leo watu wa Kitale huniuliza nilisoma Pwani shule gani.

Nikawa namtembelea karibu kila siku. Mama alijua naenda kusalimia; hakujua naenda kufanya usaili. Nilimbebea mifuko yake, nikamfungulia mlango wa chini, nikamsomea makopo ya dukani kama yana nguruwe. Kisha nikakaa kwenye zulia lake na kitabu cha hesabu, nikamhoji.

"Bi Zuhura, unajua kusuka nywele?"

"Nasuka. Kwani mamako hasuki?"

"Anasuka. Unajua kupika ugali?"

"Sima? Watu wa bara na sima zenu! Mtu akipika wali ataka sima ya nini?"

Hilo lilinipa wasiwasi, lakini nikaona wali nitauzoea. "Ukiwa peke yako unaogopa?"

Aliacha kukanda unga akanitazama. "Mwanangu, wewe huulizi kama mtoto. Waniuliza kama polisi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema, na ndipo aliponisogezea sahani ya mahamri ya moto, yenye harufu ya iliki ambayo ilinifuata hadi ndani ya ndoto. Nikasema nimeshiba. Kila siku nilisema nimeshiba, mate yakinijaa. Sikumchukia Mama kwa amri ile. Nilikuwa nimeshaipatia ufumbuzi: nitayala mahamri baada ya unyakuo, maana wakati huo aliyenikataza atakuwa hayupo.

Majira ya baridi yakaja, na kwa Bi Zuhura ukaingia mwezi wa Ramadhani. Alianza kulala mchana na kupika alasiri, na wanawake wengine wa jengo, Wasomali wawili, Mpakistani mmoja na binti zao, wakawa wanakusanyika kwake kuswali na kusubiri magharibi wafuturu. Mimi nilikosa nafasi yangu kwenye zulia nikanuna. Niliona kama mlezi wangu anaibiwa.

Siku ile theluji ilianza tukiwa darasani. Mwalimu alikatiza masomo, tukaambiwa tunarudishwa nyumbani mapema. Basi la shule lilitambaa kama konokono, magari mengine yamekwama kando ya Ruti 7, taa zao zinapepesa, na mimi nilisimama njia nzima ingawa dereva aliniamuru nikae. Niliposhuka, viatu vyangu vikajaa theluji. Nikapanda ngazi, nikafungua, nikaingia.

Viatu vyeupe vya Mama vilikuwa mlangoni. Sambamba. Soksi zake ndefu zimo ndani yake, zimeporomoka kama ngozi ya nyoka. Sare yake ya kazi ilikuwa sakafuni karibu na kochi. Televisheni ilikuwa inasema. Kikombe cha chai kiko mezani, nusu. Nilipokigusa kilikuwa bado na uvuguvugu.

Nikaita. Niliangalia bafuni, chumbani, kabatini. Nilifungua hata jokofu.

Ajabu ni kwamba sikulia. Niliwaza: imekuwa. Kisha nikawaza: sasa nifuate mpango. Nikatoka nikakimbia hadi mwisho wa korido, kwa Bi Zuhura, mtu wangu wa kubaki.

Nje ya mlango wake viatu vilikuwa vimejaa. Viatu vya wanawake, mabuti, kandambili za Bi Zuhura anazozivalia soksi, na viatu vidogo vya watoto, vingine vina taa kwenye kisigino. Vyote vimepangwa. Vyote vitupu. Nikabisha. Hakuna aliyejibu. Nikabisha kwa ngumi mbili. Ndani kulikuwa kimya.

Mnaelewa nilichokielewa. Wao pia. Wasomali, Mpakistani, watoto wao wenye viatu vya taa, na Bi Zuhura ambaye nilimhakikishia nafasi ya kubaki. Wote walikuwa wamechukuliwa. Basi makosa hayakuwa ya Waislamu wala ya wenye machungwa wala ya wenye sanamu. Katika jengo zima, kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa mimi.

Nikakaa katikati ya viatu, nikavuta kandambili moja ya Bi Zuhura nikaishika kifuani, na hapo ndipo kilio kilipokuja.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bi Zuhura mwenyewe, amejitanda shela kubwa nyeupe ya kuswalia, uso tu ndio uko nje.

"Yarabi! Ni wewe wapiga mlango vile? Twaswali!"

Nyuma yake niliwaona wengine wakiinuka kutoka sakafuni, safu moja, wakinitazama. Nilimrukia nikamkumbatia magoti. Na hapa, wenzangu, niaminini hata mkinicheka: katikati ya kilio kile nilipata faraja. Maana kama Bi Zuhura yupo na Mama hayupo, basi mambo yamekwenda sawasawa na mahubiri. Mama yuko salama. Mlezi wangu yupo. Kilichobaki ni mimi kuanza maisha mapya.

Alinikalisha zuliani, akanivua viatu vilivyolowa, akanifunga taulo miguuni. Akaniletea maziwa ya moto na kaimati alizokuwa ameziandalia magharibi. Nikala. Nililia na kula, nikala na kulia, shira ya sukari ikinitiririka kidevuni. Bi Zuhura, aliyekuwa ananijua kwa wiki nyingi kama mtoto aliyeshiba daima, aliacha kunipangusa.

"Mamako yuwapi?"

"Ameenda," nikasema.

"Ameenda wapi?"

"Juu."

"Juu kwa nani?"

"Kwa Mungu."

Bi Zuhura alishika kifua. Mmoja wa Wasomali akafasiriwa maneno yangu, akatoka mbio bila viatu hadi kwetu, akarudi akasema nyumba iko wazi, televisheni inasema, hakuna mtu, hakuna maiti. Wakanihoji. Nikasimulia viatu, soksi, sare. Bi Zuhura alisikiliza hadi mwisho, akasema taratibu, "Kama amevua viatu vya kazi, basi amevaa vingine." Hilo halikuwa limenijia. Akapiga simu kazini kwa Mama. Wakamwambia ameondoka mapema kwa ajili ya theluji. Binti wa Kipakistani aliyejua Kiingereza vizuri akapiga shuleni kwangu. Wakasema ndiyo, mama yangu alikuwa pale. Alisikia kwenye televisheni kwamba watoto wanarudishwa, akaja kwa miguu kunichukua, akakuta basi limeondoka. Amegeuza kurudi, kwa miguu, muda mrefu uliopita.

Sasa hofu ikahama kwangu ikawaingia watu wazima. Nje huoni hata jengo la pili. Bi Zuhura alimwamsha Fuad, ambaye alikuwa amelala chumba cha nyuma baada ya kuendesha teksi usiku kucha, akamsukuma mlangoni huku anavaa koti. "Mfuate mpaka umpate. Usirudi na maneno, rudi na mtu." Kisha akasimama dirishani, ametoa shanga za tasbihi, na midomo yake ikawa inakwenda. Wale wanawake wengine walikaa pamoja naye. Jua lilikuwa linazama. Vyakula vyao vilikuwa mezani, na hakuna aliyevitazama. Nami nilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile sikuwa naogopa Mungu kuja. Nilikuwa naogopa gari, barafu, mtaro.

Mama aliingia na theluji hadi kwenye nyusi. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira na kanga amejifunga kichwani, mikono imemkakamaa. Fuad alimkuta karibu na kituo cha mafuta, anasimamisha kila basi la manjano linalopita, akichungulia ndani. Alinitazama mimi, akatazama shira kwenye kidevu changu, akawatazama wanawake wenye mashela, na woga wake wote ukageuka hasira, kama unavyowageukia mama wote.

"Si nilikuambia uingie kwa nyumba ufunge mlango? Si nilikuambia? Na umekula! Haki ya Mungu, Nekesa, nimekutafuta mpaka nikajua nimekupoteza, kumbe umekaa hapa unakula!"

"Nilidhani umenyakuliwa!" nikapiga kelele, na safari hii kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Viatu vyako vilibaki! Na Bi Zuhura ndiye alikuwa wa kubaki anilee, nilishampanga, kwa sababu yeye haendi!"

Bi Zuhura aliziweka shanga zake chini.

"Siendi wapi?" Bi Zuhura akauliza.

Mama alijifunika uso kwa mikono ile iliyokakamaa. Nikajibu mimi. Nikaeleza mbinguni, parapanda, vitunguu vinavyoungua. Nikaeleza jinsi nilivyopita mlango kwa mlango, na kwa nini niliuliza habari za ugali.

Bi Zuhura aliketi kwenye kochi. "Kwa hivyo mie ulinitaka kwa kuwa ni wa motoni."

"Hapana," nikasema. "Wa motoni ni wengi. Nilikutaka wewe."

Msomali mmoja aliyekuwa akimfasiria mwenziwe aliguna, akajiziba mdomo, mabega yakamtikisika. Bi Zuhura hakucheka. Alimgeukia Mama.

"Mama Nekesa, nikwambie kweli? Mie nami nimekuwa nikikuonea huruma. Kila nikiswali nakuombea. Nasema, Mola, yule mwanamke afanya kazi kama punda na mwanawe ana adabu, usimtie motoni kwa kukosa wa kumwongoza."

Mama aliondoa mikono usoni. "Unaniombea nisiende motoni? Mimi?"

"Wewe."

"Mimi nimeokoka!"

"Nami nimeswali," alisema Bi Zuhura.

Wakatazamana kama watu wawili waliokutana njiani, kila mmoja amebeba jembe la kumzika mwenziwe. Aliyeanza kucheka alikuwa Mama. Ulikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyekaribia kulia, kikampinda hadi akajishikilia ukuta, na Bi Zuhura akamdaka, akamkalisha, akaanza kumsugua vidole kimoja kimoja kwenye shela yake. Saa ya adhana ya mezani ikalia. Wakapitisha tende. Tende ilipomfikia Mama, aliishika. Niliona midomo yake ikiiombea upya, haraka, kwa jina la Yesu. Kisha akala.

Jumamosi iliyofuata Mchungaji alikuja kwetu. Sijui nani alimpelekea habari. Alikunywa chai, akaniuliza shule, kisha akamwambia Mama kwa upole kwamba mtoto ni udongo, anayemshika ndiye anayemfinyanga, na kwamba yule jirani huenda ni mtu mzuri lakini nuru na giza havikai chungu kimoja.

"Ni kweli, Mchungaji," Mama alisema. "Sasa nipe mtu. Mimi natoka kazini saa tisa, na wakinipigia nifanye dabo natoka saa tano usiku. Nani katika kanisa letu yuko nyumbani?"

Mchungaji alifikiri kwa dhati. Alimtaja dada mmoja, akakumbuka anaishi Rockville, mbali kule Maryland. Akamtaja mwingine, akakumbuka anafanya kazi usiku na mchana hulala. Mkewe mwenyewe alikuwa na kazi mbili.

"Nitaliombea," akasema.

"Liombee. Hata mimi naliombea. Nani atanyakuliwa, hiyo ni kazi ya Mungu, mimi sijui. Ninajua nani yuko nyumbani saa tisa."

Hatukuacha kanisa. Ningependa kusema kwamba hofu yangu iliyeyuka na theluji ile, lakini haikuyeyuka. Niliendelea kusimama kwenye mabasi, na nadhani mnaona hata sasa sijakaa vizuri. Kilichobadilika ni kwamba saa tisa nilikuwa na zulia la kukalia. Baba alipata viza, tukahamia Rockville, na safari ya kwenda Falls Church ikawa ya sikukuu, kisha ya simu tu. Bi Zuhura alirudi Mombasa akafia huko. Fuad alipompigia Mama simu kumwambia, Mama alisema, "Mungu amweke mahali pema," akaushika mkono wa simu muda mrefu baada ya Fuad kukata.

Hayo yalikuja baadaye sana. Wakati ule, siku chache tu baada ya Mchungaji kuja, ilikuwa Idi, na Bi Zuhura alibisha kwetu asubuhi amevaa nguo mpya, sinia la biriani mkononi na ufunguo umefungwa uzi kidoleni. Mama alipokea sinia. Ufunguo nikapewa mimi.

"Huu ni wa mlango wangu," Bi Zuhura aliniambia. "Siku ukija ukakuta viatu na hujibiwi, usikae sakafuni pa baridi. Fungua. Ukituona tumeinama, twaswali, ngoja. Usipotuona, basi tumechukuliwa sisi. Wali u kwenye sufuria, upashe moto ule."

Nilimtazama Mama kuona kama atakasirika. Aliweka sinia mezani, akaingia chumbani, nikamsikia anafungua droo, anafunga, anafungua nyingine. Akarudi na ufunguo wetu wa akiba.

"Na wewe shika wetu," akasema. "Tukichukuliwa sisi..."

Hakuweza kuendelea. Kwa imani yake sentensi ile ilikuwa na mwisho mmoja tu, na haukuwa mwisho wa kumwambia mtu aliyesimama mlangoni kwako siku ya Idi na nguo mpya. Bi Zuhura akachukua ufunguo, akauangalia, akauweka ndani ya mkoba wake.

"Nitazima jiko, vitunguu visiungue," akasema.